Kwa wanandoa wachanga wa mwalo wa Igombe

Marahaba, wanangu.

Najua mngeniamkia, basi nimetangulia kuitikia. Nawaandikia ninyi mliooana miaka hii miwili mitatu: wanaume mnaotoka na taa jioni, na wanawake mnaobaki na chanja za kuanikia dagaa. Wiki iliyopita wawili wenu walinijia, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja akinisihi nisimwambie mwenzake kwamba alikuja. Maneno yao yalikuwa yaleyale: "Bibi, ndani ya nyumba sina amani." Ni mke na mume. Sitawataja.

Nianze na mwezi, maana ndio unaotupangia maisha huku ziwani. Dagaa hufuata taa gizani. Mwezi ukipevuka taa haifui dafu, mitumbwi inavutwa mchangani, na wiki nzima au zaidi mvuvi yuko nyumbani. Siku za giza mke na mume hawaonani. Yeye anarudi alfajiri na kulala, wewe ndiyo kwanza unaanika. Jioni unaanua, yeye anabeba betri zake (sisi zilikuwa karabai, na mafuta yake yalinuka hadi kwenye ugali) na kuondoka. Mnapishana mlangoni kama abiria wa kivuko cha Kamanga. Halafu mbalamwezi inawakuta wawili chumba kimoja, ugomvi unaanza, mnasema ni kwa sababu fedha imekauka. Si fedha. Ugomvi ulikuwepo, giza liliuficha.

Mimi na marehemu mume wangu tuliishi hivyo miaka sita. Nilikuwa nikiamini paradiso yangu iko mjini, Kirumba, kwenye nyumba yenye umeme. Yeye aliamini yake iko Ukerewe, kwenye mtumbwi wake mwenyewe, bila kumwogopa tajiri yeyote. Kila mmoja alikuwa na paradiso yake, na mwenzake hakuwemo. Hilo nililitambua baadaye sana, na liliniuma kuliko matusi yote tuliyotupiana.

Mchana mmoja, dagaa wa usiku wa mwisho kabla ya mbalamwezi wakiwa bado mchangani, mvua ilishuka bila hata upepo wa kutuonya. Dagaa akilowa amekwisha, anakuwa wa kulisha kuku. Nilikuwa naanua peke yangu, nikilia kwa hasira, nikaona mikono mingine inaokota kando yangu. Sikuwa nimemwita. Tuliokoa nusu. Tukajibanza chini ya mtumbwi uliopinduliwa, akanitazama chini, akasema: "Miguu yako ilipasuka lini?"

Sikumjibu, kwa kuwa sikujua. Miaka sita hata mimi sikuwa nimeitazama miguu yangu. Tulicheka. Tukiwa tumelowa, na nusu ya mali imeharibika, nilisikia ndani yangu utulivu ambao nilikuwa nimeupanga kwenda kuukuta Kirumba.

Watu wakisikia Edeni hudhani Adamu alikuwa amelala kivulini akila matunda. Kasomeni Mwanzo sura ya 2: aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kulikuwa na kazi hata kule. Jirani yangu Mwislamu hunikumbusha kwamba katika Surat Rum Mungu ameweka baina ya mke na mume mapenzi na huruma. Kisha huongeza la kwake, kwamba huruma ni ya zile siku ambazo mapenzi yamekwenda ziwani na hayajarudi. Nampenda sana mama yule.

Kinyongo ni magugu maji. Mnayajua: hayana mizizi ardhini, yanaelea tu, na yana maua mazuri ya zambarau. Mtu hukaa akiyatazama maua ya kinyongo chake, akiyahesabu, mpaka siku anataka kutoa mtumbwi na hauna pa kupita. Yang'oeni yakiwa machache.

Anayepigwa, maneno yangu ya uvumilivu hayamhusu. Aondoke, aende kwa wazazi, aende dawati la jinsia polisi.

Nimesikia pia baadhi yenu mkisema mhamie ng'ambo, Sengerema, mkaanze upya. Njia ni nyepesi siku hizi. Pale Kigongo tulipokuwa tukisubiri kivuko mpaka watoto wanalala, tangu 2025 kuna daraja la kilomita 3, mnafika Busisi wimbo wa redioni haujaisha. Nendeni kama kazi ipo. Ila moyo nao unapanda gari hilohilo.

Mbalamwezi ijayo mume ashinde chanjani siku nzima, ajue jua la saa nane. Mke akae na mume anaposhona nyavu, amwulize usiku ziwa likichafuka huwa anamwaza nani. Simu zikae ndani.

Nanyi wawili mlionijia: mmoja wenu amesahau tochi kwangu. Njooni muichukue wote wawili.