Mgongo wazi: kadi ya kliniki iandikwe miguu ilivyokuwa

Ndugu Mhariri,

Kwetu Newala, mtoto wa mgongo wazi (aliyezaliwa mgongo haujajifunga) akirudi kutoka Dar es Salaam ameshonwa, watu huja kutoa pole na hongera, na jambo huhesabiwa limekwisha. Mimi ni mzazi wa mtoto wa namna hiyo. Naomba nafasi niseme ya baadaye.

Upasuaji hufunga kidonda na kuzuia maambukizi, lakini mishipa ya fahamu iliyoharibika tumboni mwa mama hairudi. Hilo wengi tunaambiwa. Tusiloambiwa ni kwamba kovu linaweza kuushika uti wa mgongo, yaani ile kamba ya mishipa ya fahamu iliyo ndani ya mgongo: mtoto anarefuka, uti umeganda palepale, unavutwa. Si kwa wote, na aghalabu ni baada ya miaka, nyumba imeshasahau. Aliyekuwa akitembea anaanza kujikwaa, unyayo unapinda, mgongo unauma au unapindika, aliyekuwa mkavu anaanza kulowa mkojo. Hapo majirani wana majibu yao (jini, jicho la mtu), na hospitali inakuwa safari ya mwisho.

Picha ya MRI, kipimo cha sumaku kinachoonyesha ndani ya mwili, peke yake haimalizi neno, maana karibu kila mtoto aliyeshonwa picha huonyesha uti umeshikwa, hata asiyeumwa. Daktari anaamua kwa mabadiliko. Na mwenye mpira wa kupunguza maji kichwani huangaliwa kwanza kama haujaziba, kwani nao ukiziba huleta dalili zinazofanana na hizo. Basi daktari anauliza: "Zamani alikuwaje?" Mama anababaika. Kadi ina uzito na chanjo tu.

Ombi langu ni kwamba mtoto anaporuhusiwa aandikiwe kwenye kadi: goti ananyoosha? Kifundo anainua? Nyayo zikiguswa anahisi? Mkojo unatokaje? Kisha muuguzi wa zahanati ayaangalie hayohayo kila akija kupimwa. Hakuna mashine inayohitajika.

Upasuaji wa kuuachia uti upo. Maumivu hupungua kwa wengi, tatizo la mkojo ni gumu zaidi kupona, na kazi yake kubwa ni kulinda kilichobaki. Kwa hiyo miezi ina thamani, na huku kwetu nauli ya kilomita zaidi ya 500 mara nyingi husubiri mnada wa korosho Oktoba.

Hospitali zetu za mikoa, Ligula ya Mtwara na Sokoine ya Lindi, zinaweza kuanza hata na karatasi moja iliyobanwa kwa pini ndani ya kadi.

Mzazi,
Newala, Mtwara