Muhogo au mkomamanga kwenye kiwanja kidogo?

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaotushauri tung'oe mihogo ya uani tupande mikomamanga. Yote miwili huoteshwa kwa vipande vya shina, lakini muhogo, hasa wa aina za mapema, huchimbwa baada ya miezi 9 hadi 12, na kisamvu chake huchumwa mapema zaidi, ilhali mkomamanga hukusubirisha miaka miwili au mitatu. Kasoro ya muhogo naijua: mwaka jana nilipasua mmoja ulionona nikakuta nyama yake imeoza kwa ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ingawa majani yalionekana mazima. Hata hivyo, nimepanda mkomamanga mmoja tu, karibu na kisima. Uani kwingine kote ni mihogo.

Msomaji wenu,
Tanga