Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama chetu cha Kuzikana, Busia, Uganda

Ndugu wanachama, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo.

Shughuli za mwaka mnazijua. Tumezika mara tano, kila familia ikapata shilingi 300,000 pamoja na turubai na viti. Masufuria makubwa mawili yamenunuliwa. Waliokwenda kuhiji Namugongo Juni 3, siku ya Mashahidi wa Uganda, tuliwachangia nauli, na Idi tulikula pamoja kama kawaida. Tuko wanachama 86, waliomaliza ada ni 49, na wengine wanadaiwa jumla ya shilingi 2,960,000.

Sasa la siku ya kikao, maana ndilo lililonipatia maneno mwaka mzima.

Niliukuta uongozi na kikao cha Jumamosi saa nne asubuhi, asiyekuja faini shilingi 2,000. Wasabato wetu 11 wakawa wanatozwa kila mwezi kwa kosa la kwenda kanisani. Nilikaa na daftari usiku mwenyewe, hakuna aliyenituma: kati yao hakuna hata mmoja anayedaiwa ada. Machi nikahamishia kikao Jumapili saa tisa alasiri na kuzifuta faini zile. Ni kweli sikuitisha kura. Niliwapigia simu wajumbe wa kamati, wanne kati ya saba wakakubali, na kwa hilo siombi radhi.

Nimeambiwa wengi wape. Wengi wape kwenye bei ya sufuria. Ibada ya mtu haipigiwi kura. Katiba ya 1995, ibara ya 29, inampa kila mmoja uhuru wa kufuata dini yake, na ibara ya 7 inakataza Uganda kuwa na dini ya taifa. Wazee walio humu wanaukumbuka mwaka 1977, Amin alipopiga marufuku madhehebu mengi, Wasabato wakiwemo. Chama cha watu wanaozikana hakiwezi kumbana mtu palepale alipobanwa na Amin.

Mjumbe mmoja alinipinga kwa kesi ya Chuo Kikuu cha Makerere. Kesi hiyo naijua. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu iliikataa rufaa ya wanafunzi Wasabato waliolalamikia masomo na mitihani ya Jumamosi, ikaona chuo hakikuvunja Katiba. Lakini haikusema ni kosa kumpisha mwenzako. Chuo kina maelfu ya wanafunzi wa kupangia ratiba. Sisi tuna kikao kimoja kwa mwezi.

Walokole wanasema ibada yao ya Jumapili ni ndefu, wanafika wamechoka. Hilo nalielewa, ndiyo maana nilisogeza kikao hadi alasiri.

Inasemwa pia Jumapili imeua mahudhurio. Februari, Jumamosi, tulikuwa 34. Novemba, Jumapili, tulikuwa 31, na Wasabato 9 wamo humo. Kwa hiyo waliopotea ni wale ambao dini haikuwazuia siku yoyote. Mtu duka lake linatazamana na ukumbi, mwaka mzima sijamwona, ila msibani kwake alinipigia simu kabla ya alfajiri. Inaniuma sana.

Mlioukosa msiba wa Agosti niwaeleze. Mama wa mwenzetu Mwislamu alifariki Ijumaa asubuhi, familia ikataka azikwe kabla ya magharibi. Waliochimba kaburi ni vijana wanne wa Kisabato, siku yao ya maandalizi, wakiliwahi jua lilelile, kwani likizama Sabato yao imeingia. Saa kumi walikuwa wamemaliza, wakanawa, wakasimama pembeni jeneza likipita, ndipo wakaondoka. Hao ndio tuliokuwa tunawatoza shilingi elfu mbili.

Mwakani tunatarajia kununua turubai la pili na, fedha zikipatikana, kiwanja. Wenye madeni wamwone mweka hazina kabla ya Februari. Kikao kijacho ni Jumapili, saa tisa alasiri.

Mwenyekiti