Barua kwa mwanangu aliyehamia Mbeya

Iringa, Oktoba

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Mama yako nimemsomea pale kwenye barua yako uliposema wajukuu hawatoki ndani tangu mhamie Mbeya, wanashinda na katuni, eti baridi. Amecheka. Baridi ya huko ni ya Juni na Julai. Sasa joto limerudi na mvua bado. Zikishaanza mtapambana na tope mpaka Aprili.

Cha kuangalia ni jua. Mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, miale yake ni mikali kuliko ya Dar, lakini upepo unapoza ngozi na mtoto hajui kama anaungua. Jasho nalo linakauka upesi, kwa hiyo hakumbuki kunywa maji. Wavae kofia pana, na kila mmoja abebe chupa yake ya maji yaliyochemshwa. Ukiona mkojo umekuwa kama chai ya rangi, ujue chupa ilirudi imejaa.

Jumamosi moja nendeni Ziwa Ngosi. Pale Uyole mnapanda Hiace za Tukuyu, mnashuka Isongole, mnatafuta mwenyeji wa kuwaongoza. Bei mpatane kabla hamjaanza kutembea. Njia inapita msituni, na mwishoni inasimama kweli, watoto watashika mizizi kwa mikono. Mdogo atangulie, wengine mfuate mwendo wake, la sivyo atabebwa. Mkifika ukingoni mtaliona ziwa chini kabisa, limezungukwa na kuta za msitu. Liangalieni kutoka hapo hapo, kushuka majini si kwa watoto. Bebeni viazi vya kuchemsha, mayai, na maparachichi yenu hayo ya Rungwe. Soda ziacheni dukani. Na mkwe wangu apande pia, asije akasema anabaki kulinda mizigo.

Mimi hayo maputo ya kuruka ya kulipia kiingilio siyapendi. Mtoto anaruka nusu saa, kisha mnakaa saa mbili mnakula chipsi, mnaita matembezi.

Hifadhi ya Kitulo iacheni mpaka Desemba, maua yake yanataka mvua.

Matema, ule ufukwe wa Kyela, ni safari ya kulala, na huko sharti mjipange. Mnashuka mpaka ziwani Nyasa, mahali pasipofika mita 500 juu ya usawa wa bahari, joto kali na mbu. Hapo mjini mbu ni wachache, najua mmeshazembea, lakini Kyela si Uyole: ulizia chandarua kabla ya kulipia chumba, na jioni wavae mikono mirefu. Ziwa lile lina kichocho. Wasichezee kwenye matete wala maji yaliyotuama, ndiko konokono wanaokieneza walipo, ingawa hata penye mchanga mweupe usiseme hakuna kabisa. Mamba waulizeni wavuvi, hasa karibu na midomo ya mito. Mkisharudi, baada ya miezi miwili hivi wapeleke wakapimwe hata kama hawalalamiki, na umwambie daktari waliogelea Nyasa. Dawa yake ipo na inatibu. Samaki wao mbasa, wa kuchoma, kuleni mshibe.

Mama yako anakuja wiki ya kwanza ya Novemba. Anasema Ngosi msiende kabla hajafika. Nimemkumbusha magoti yake, akaniambia nisimsemee.

Baba yako