Mpira wa yai ndio unaolipa karo ya wakimbiaji wetu

Kwa Mhariri,

Nasoma gazeti lenu kwenye simu kila ninapopumzika zamu ya usiku, na kurasa zenu za michezo nazijua: Arsenal, Manchester, Arsenal tena, kisha riadha pale chini kabisa, ikiwa kuna Mkenya ameshinda marathoni. Sina ugomvi na Arsenal. Ila kuna mabishano huku Marekani, kuhusu pesa za mpira wa vyuo vikuu, ambayo hamjayaandikia hata aya moja, nayo yameshafika hadi nyumbani kwetu Moiben.

Mpira ninaousema si kandanda. Ni ule wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, wenye mpira uliochongoka ncha mbili kama yai. Watu wa raga wataelewa nusu. Ule wa vyuo vikuu una mashabiki wa kurithi; mtu huzaliwa ndani ya timu jinsi mtu anavyozaliwa ndani ya ukoo.

Mimi ni mlezi katika nyumba ya wazee hapa Spokane, mashariki mwa jimbo la Washington. Nina wazee wawili ninaowakalisha meza moja kwa sababu wote wanahitaji kusaidiwa kula. Mmoja alisoma Washington State, kule Pullman, mwendo wa saa moja na nusu kusini mwetu, katikati ya vilima vya ngano ambavyo siku ya kwanza nilipoviona nilidhani nimerudi Uasin Gishu. Huyo havui kofia yake nyekundu hata akilala. Mwenzake alisoma Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, na blanketi lake ni la zambarau. Timu zao zinamenyana tangu mwaka 1900, na mechi yao huitwa Apple Cup. Fikirieni Debi ya Mashemeji, ila Gor wawe mabwenyenye wa jijini na Ingwe wawe wakulima wa ngano.

Kwa miongo mingi vyuo hivyo viwili vilikuwa ligi moja, ile ya pwani ya Pasifiki, pamoja na vya California, Oregon na Arizona. Kisha pesa za televisheni zikaingia kati. Juni 2022 USC na UCLA za Los Angeles zikatangaza kuhama. Julai 2023 Colorado ikafuata. Tarehe 4 Agosti mwaka huo, kwa siku moja tu, vikaaga vyuo vitano, Washington ya mzee wangu wa zambarau ikiwemo. Mwezi uliofuata Stanford na California nazo zikaondoka, na ligi ya timu 12 ikabaki na mbili: Washington State na Oregon State. Hizo mbili zilikwenda mahakamani kupigania mali ya ligi, zikashinda. Wapinzani wa kucheza nao ilibidi zitafute kwingine.

Stanford, iliyo karibu na bahari ya Pasifiki, sasa inacheza katika ligi ya Pwani ya Atlantiki. Ligi walikohamia Washington, ambayo jina lake ni Kumi Kubwa (Big Ten), ina timu 18. Mzee wa kofia nyekundu husema watu hawa wana shahada lakini hawajui kuhesabu wala kusoma ramani. Washington ilipokwenda kucheza na Rutgers, New Jersey, Septemba 2024, ilisafiri mbali kuliko Nairobi hadi Johannesburg, ikafungwa 21 kwa 18 na kurudi.

Apple Cup yenyewe, ambayo kwa kawaida ilikuwa ya kufunga msimu wakati wa baridi ya Novemba, mwaka 2024 ilisukumwa hadi tarehe 14 Septemba, na haikuonekana kwenye chaneli ya kawaida. Ilikuwa ya kulipia mtandaoni. Nyumba ya wazee hailipii vitu kama hivyo. Nikalipia mimi, nikaiegemeza simu yangu kwenye kopo la sukari, na wazee wawili ambao kwa miaka miwili hawakuwahi kukubaliana hata kuhusu chumvi wakagusanisha vichwa kuangalia kioo cha ukubwa wa kiganja. Dakika za mwisho Washington walikuwa hatua moja tu kutoka mstarini. Wakazuiwa. Mechi ikaisha 24 kwa 19, wakulima wa ngano wakiwa mbele. Mzee wa zambarau alinyamaza kidogo, kisha akamkabidhi mwenzake kitindamlo chake, keki ya tufaha, bila neno. Mwaka uliofuata, Pullman, Washington ilishinda 59 kwa 24, na safari hii mwenye kofia nyekundu alikataa chakula cha jioni kabisa. Ilibidi niandike kwenye faili lake sababu ya kutokula. Niliandika "mpira".

Mabishano yao ndiyo mabishano ya nchi nzima. Wa zambarau anasema mchezo ulikufa siku wachezaji walipoanza kulipwa. Tangu Julai 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kuuza jina na sura yake kwa matangazo, na kuhama chuo siku hizi ni rahisi kama kuhama nyumba ya kupanga. Mngetarajia wa kofia nyekundu akubaliane naye, maana timu yake ndiyo iliyonyonywa. Cam Ward, mrushaji wao, yaani yule anayeongoza mashambulizi kwa kurusha mpira, aliondoka baada ya msimu wa 2023 kwenda Miami, na mwaka 2025 akawa wa kwanza kabisa kuchaguliwa na timu za kulipwa. Aliyemrithi, John Mateer, yule aliyeshinda mechi ya kopo la sukari, alihamia Oklahoma miezi mitatu baadaye. Hata hivyo mzee anasema vijana walipwe. Makocha wamekuwa wakilipwa mamilioni, asema, na hakuna aliyelia kwamba mchezo umekufa. Ubaya anauona kwa waliouza ratiba. Kuna pia wanaotaka mashindano ya ubingwa, yaliyopanuliwa kutoka timu 4 hadi 12 mwaka 2024, yafike 16 au hata 24. Hapo wote wawili husinzia.

Mimi niko upande wa wachezaji. Kijana anavunjika goti mbele ya watu laki moja waliolipa kiingilio, apewe chake. Kilichonifanya niandike barua hii ni simu ya kaka yangu.

Alipiga wiki ya pili ya Juni 2025, saa tisa usiku kwa saa za huku. Binti yake, anayeniita baba mdogo, ni wa mita 1,500 na 5,000. Chuo kimoja, ambacho sitakitaja, kilikuwa kimemwahidi ufadhili kamili. Walishauza mtamba kulipia pasipoti na mtihani wa Kiingereza. Ikaja barua pepe ya mistari minne: asante, idadi ya timu imepunguzwa, tunakutakia heri. Kaka alinisomea polepole, neno kwa neno, kana kwamba akiisoma vizuri itabadilika. Akauliza, "Idadi gani?" Nilipomweleza kwamba chanzo ni mpira wa yai, alidhani usingizi umenizidi.

Nilimweleza hivi. Tarehe 6 Juni 2025 jaji Claudia Wilken aliidhinisha maafikiano katika kesi iliyofunguliwa kwa jina la Grant House, ambaye, kwa kichekesho cha dunia, ni muogeleaji. Fidia kwa wanamichezo wa miaka iliyopita ni karibu dola bilioni 2.8. Tena kila chuo kilichokubali utaratibu huo kiliruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa inakwenda kwa mpira wa yai kwa kuwa ndio unaoingiza pesa, zikiwemo zile za karo ya wakimbiaji wetu. Zamani kilichowekewa kikomo ni ufadhili: riadha ya wanawake 18, ya wanaume 12.6, maana ufadhili mmoja uliweza kugawanywa kwa watu kadhaa. Sasa kikomo kimewekwa kwa idadi ya watu: mpira wa yai 105, riadha ya uwanjani 45, mbio za nyika 17. Chuo kinaweza kumlipia karo kila mmoja katika hao 45. Kinaweza pia kisimlipie hata mmoja, pesa ziende kutafuta mrushaji wa mpira wa yai.

Washington State yenyewe, Juni hiyo hiyo, ilitangaza kuacha michezo ya kuruka na kurusha na kupunguza mbio fupi, ibaki hasa na mbio ndefu. Mbio ndefu zimeponea, na nadhani sisi Wakenya tumechangia. Samson Kimobwa alikuwa mwanafunzi pale alipovunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977. Mwaka uliofuata Henry Rono, akiwa mwanafunzi pale pale, alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81, na ile ya kuruka viunzi na maji aliivunjia Seattle, nyumbani kwa zambarau. Bernard Lagat alipita hapo pia. Rono alipofariki Nairobi, Februari 2024, nilimwonyesha mzee wa kofia nyekundu picha yake kwenye simu. Alimtambua kabla sijasema jina. Alisema alikuwa akimwona akikimbia peke yake kwenye barabara za mashambani, kati ya ngano.

Kwa hiyo, Mhariri, naomba waandishi wenu wa Eldoret wawaulize maajenti wanaozunguka Iten na Kapsabet maswali haya, na majibu yachapishwe. Chuo unachotuletea kimo katika utaratibu mpya au hakimo? Kocha ana nafasi ngapi kati ya zile 17 na 45, na ngapi zimeshajaa? Ahadi imeandikwa na chuo au umeiandika wewe? Na wanaposema mtoto atatajirika kwa matangazo, waulizwe kuhusu viza ya mwanafunzi, kwa sababu mgeni mwenye viza hiyo hawezi kusaini mikataba ya kazi huku kama Mmarekani. Nimeona wazazi wakionyeshwa picha za vijana wenye magari ya kifahari. Wale ni wenyeji, tena ni wa mpira wa yai.

Binti yetu bado anaamka saa kumi na moja alfajiri. Majuzi amepata barua ya chuo kingine, kidogo, cha miaka miwili, cha majimbo ya kati. Nilipompigia kaka, sikusikia swali la karo wala la nauli. Aliuliza, "Hicho nacho kina mpira wa yai?" Nikamwambia hakina. Akasema basi mtamba mwingine upo.

Mlezi wa wazee,
Spokane, Marekani