Barua kwa Mwanangu: Lile Deni la Gemu

Mbagala, Jumapili usiku

Mwanangu,

Sisi hatujambo. Mdogo wako anakohoa kidogo lakini anakula, na mtu anayekula hajaumwa. Barua hii anakuletea binamu yako, anapanda treni ya kesho asubuhi. Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu nikikuandikia maneno hamsini unanijibu "poa mama", na mazungumzo yanaishia hapo.

Umelipa lile deni?

Alhamisi nilikuwa dukani, mteja amesimama anasubiri kopi mbili za kitambulisho cha NIDA, ujumbe ukaingia. Nikadhani ni muamala. Nasoma, nakuta majina yako yote matatu, kwamba umekopa na umegoma kulipa, na namba yangu uliiweka wewe kama mtu wa karibu, kwa hiyo nikwambie ulipe kabla ya saa sita au picha yako itatumwa kwa watu wote waliomo kwenye simu yako. Yule mteja akaniuliza, "Dada, kuna msiba?" Nikamwambia hapana, ni wino tu umeisha. Akaenda kutoa kopi kwa jirani. Mia nne yangu ikaenda naye.

Jioni nilipokupigia ukasema ulikopa 60,000 ya matumizi. Mkononi ukapewa 42,000, nyingine wakakata juu kwa juu, na urudishe 60,000 kamili ndani ya siku saba. Matumizi gani, baba? Bumu la mkopo wa chuo liliingia wiki mbili kabla. Nilikuuliza mara tatu, na ya tatu ndiyo ukanong'ona kama mtu aliye msikitini: kuna mhusika wa gemu yuko kwa wiki tatu tu, akiondoka hajulikani atarudi lini.

Ungemficha baba yako hilo, angeamini ni matumizi. Mimi je?

Kwamba nilikaa kaunta ya intaneti kafe kule Magomeni unajua, na visa vya wale wateja unavijua, sivirudii. Ila naona siku zote nilikusimulia vile vya kuchekesha. Mchana kompyuta zilikuwa za barua pepe, shilingi 500 kwa saa. Saa tatu usiku tukishusha mlango, vijana wa chuo walikuwa wanabaki "kumalizia kazi". Kompyuta sita zimeunganishwa kwa waya, na kazi yenyewe ni Age of Empires II, ile iliyotoka 1999. Miezi ya kwanza niliwangoja tu niwafungie, nasinzia. Ukiandika namba 11 kwenye gemu ile, kicheko kinatoka kwenye kompyuta zote kwa pamoja, na mimi nikawa nashtuka usingizini. Ukiandika 30, sauti ya kasisi: wololo. Vijana wazima wa mwaka wa tatu, uhandisi, wanaitana wololo saa nne usiku.

Siku moja mmoja wao hakuja, wakaniambia anti kaa hapa, ujaze nafasi. Unaanza na kituo cha mji, wanakijiji watatu na mpelelezi mmoja juu ya farasi. Nikajenga ukuta. Ukuta mzuri, umezunguka kila kitu. Wanakijiji wangu wakamaliza ukuta wakasimama wanaangaliana, sina chakula, sina mbao, na dakika ya ishirini wakaingia wenye tembo wakavunja lango. Kicheko namba 11, mara nne.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo hata kwenye mtihani wa kidato cha nne. Nikaanza kuandika kwenye daftari la mauzo, ukurasa wa nyuma. Mwanakijiji mmoja ni chakula 50 na sekunde 25. Shamba ni mbao 60. Kuingia zama za pili ni chakula 500, za tatu ni chakula 800 na dhahabu 200. Wale walikuwa wanakimbilia jeshi, mimi nilikuwa mtu wa kaunta, nikahesabu. Kila kituo cha mji kilipokaa sekunde bila kuzalisha mtu niliona kama mteja ametoka bila kulipa. Baada ya mwezi hawakutaka tena nikae upande wa pili. Mmoja alihamia meza yangu kabisa, akawa ananunua chipsi ili tuwe timu moja.

Nakuambia haya ili ujue kwamba nilipokaa kimya kwenye simu Alhamisi sikuwa nalia. Nilikuwa napiga hesabu.

Mwenyewe ulinieleza likizo iliyopita, umelala kwenye kochi na miguu juu ya mto wangu. Kila ukivuta bahati nasibu yao mara moja ni vito 160, ndiyo fedha ya mle ndani ya gemu. Uwezekano wa kupata mtu wa nyota tano ni 0.6 kwa mia. Usipompata, mara ya 90 wanakupa kwa lazima, lakini huenda akawa siye uliyemtaka, nusu kwa nusu, ndipo uanze tena, na safari hiyo wanakupa yeye mwenyewe. Ulieleza vizuri kuliko mwalimu wako wa hesabu, na nilijisikia fahari, nikaenda jikoni nikamsimulia mdogo wako. Sasa hesabu hiyo hiyo nimeifanya nyuma ya risiti: kwa bahati mbaya kabisa ni mara 180, vito 28,800, kwa mtu mmoja wa kuchorwa. Wewe ulijua. Mtu asiyejua anatapeliwa. Wewe uliyejua ulikwenda na macho yako.

Na najua ulivyokwenda. Uliniambia ulikuwa umeshavuta mara 74 kwa vito vya kukusanya mwenyewe bila senti, ukaona zimebaki chache. Zimebaki chache. Hayo ndiyo maneno. Ukakopa, ukavuta mara saba, akatoka kaka mwenye upinde ambaye tayari unaye. Nisamehe, hapo nilitaka kucheka.

Enzi zetu diski unainunua Kariakoo mara moja, na gemu ni lako lote mpaka mwisho, hata ukiwa mjinga kiasi gani. (Ndiyo, diski za kuchoma, za wizi. Usinijibu hilo.) Mwenye kafe alileta PlayStation moja akaiweka pembeni kwa ajili ya watoto, na ndani ya mwaka ikachoka macho, ikawa haisomi mpaka uigeuze chini juu. Diski ikikwaruzika tunaipaka dawa ya meno, tunaifuta na kanga. Hapo ndipo nilipocheza Final Fantasy VII, ile ya 1997, diski tatu, na kamusi ya TUKI pajani kwa sababu gemu lile ni kusoma tu. Kingereza ulichokuwa unanisifia nikiongea na wazungu wa duka la jirani kimetoka mle. Hakuna shule iliyonifundisha. Diski ya kwanza inakwisha Aerith anauawa, na mimi nilikuwa nimempa kila kitu kizuri, silaha nzuri, vito vizuri, maana ndiye aliyekuwa akituponya wote. Nililia kaunta, nikamwambia mteja ni vumbi. Vijana wakaapa kuna njia ya kumfufua, wengine wamesikia kwa mtu aliyesikia. Nilitafuta wiki mbili, usiku, baada ya kufunga. Hakuna njia. Lakini pia hakukuwa na mtu wa kuniuzia matumaini kwa shilingi elfu tatu tatu, mana ningenunua. Mshahara wote ningenunua.

Wiki mbili hizo za usiku zilikuwa za umeme wa mwenye kafe. LUKU ikaanza kuisha tarehe ishirini badala ya mwisho wa mwezi. Yeye akahesabu, akaona zamu ya asubuhi ndiyo inayowasha feni mapema, akamkata mshahara mwenzangu wa asubuhi. Mwezi wa kwanza, na wa pili. Mwenzangu yule ndiye mama mkubwa wako wa Magomeni. Kwa hiyo nikikutuma kwake na unga, au nikisema ada ya binti yake nitachangia, usiniulize tena imekuwaje wakati sisi wenyewe hatuna. Hajui. Wewe pia hujui.

Umelipa?

Nisikilize hapa, hata kama mengine utaruka. Usikope kwa hawa ili uwalipe wale. Najua wazo hilo limekupitia, kwa sababu ulisema "nitajua la kufanya" kwa sauti ile ya baba yako. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Iangalie, kama wako wamo humo nenda ukaripoti, na kama hawamo walipe. Halafu iondolee programu ile ruhusa ya kuona namba za watu wako, na uwaambie rafiki zako wa chumbani mapema, kabla hawajatumiwa wao huo ujumbe. Aibu ya kusema mwenyewe ni ya siku moja. Na ule chakula. Ukiwa na njaa unaamua vibaya, nakuona tangu ukiwa na miaka mitano.

Wala sijakwambia ulifute gemu. Baba yako amesema ulifute, nimemwambia anyamaze, yeye anaangalia mpira saa sita usiku na kutia mikeka ya elfu moja moja akidhani sioni. Lakini toa kadi na namba ya kulipia. Cheza kwa vito vya kukusanya. Ulifika 74 bila kulipa, hiyo ni kazi, ni subira niliyokuwa nayo mimi ukurasa wa nyuma wa daftari. Na hapo hapo ukaiuza kwa 18,000 ya riba. Hilo ndilo linaloniuma, baba, kuliko fedha. Hapana, na fedha pia inaniuma.

Nimekutumia 30,000. Ni ya deni, chakula chako kiko kwenye bumu. Nusu ya pili utaitoa wewe, uza lile spika lako, au wapigie wenzako slaidi, unajua kutengeneza slaidi nzuri. Fedha hii niliiweka kwa ajili ya simtanki, kwa hiyo tutaendelea na madumu mpaka mwezi ujao, na maji yenyewe siku hizi yanatoka Jumanne na Ijumaa usiku wa manane. Mdogo wako ndiye anayeamka kukinga. Ukimpigia mshukuru, usimwambie ni kwa nini.

Bati la upande wa jikoni limerudi kuvuja, palepale. Fundi amesema misumari imeoza, anataka 15,000 na nauli. Kuku mwekundu ameatamia mayai tisa, mengine nimekula. Mchicha umekubali mwaka huu, ila ndege wanaumaliza, mdogo wako amefungulia kopo langu la biskuti lililoko chini ya kitanda, akatoa zile diski za zamani akazitungia kamba juu ya tuta. Zinang'aa kweli, ndege wameacha. Nilipoenda kuangalia nikakuta diski ya pili ya Final Fantasy ndiyo iko katikati, bado ina alama ya dawa ya meno pembeni. Nilitaka kuishusha, nikaiacha. Ya kwanza na ya tatu nimezirudisha koponi, PlayStation yenyewe hatuna.

Ameniomba nimfundishe ile ya wanakijiji. Kompyuta ya dukani ni mbovu lakini gemu la 1999 litakubali tu. Nimemwambia akimaliza mitihani. Anadhani atanishinda.

Kwenye kifurushi kuna dagaa, unga wa lishe kilo tatu, shuka mbili na ile chaja uliyosahau. Unga mpe pia huyo mwenzako wa Kigoma asiye na mama. Binamu yako nimempa nauli ya bajaji kutoka stesheni, akikuomba nyingine anakudanganya.

Ukishalipa usinitumie picha ya ule ujumbe wao wa kuthibitisha, niletee SMS ya kawaida uandike tu namba ya muamala, maana bando langu limeisha na sinunui jingine mpaka Ijumaa. Hata ukilipa nusu niambie nusu. Hata kama kuna na la pili hukuniambia, niambie.

Mama yako