Tusingoje shule ituombee tathmini

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wazazi wenzangu Waswahili tunaoishi Uingereza (England) kwamba, chini ya Sheria ya Watoto na Familia ya 2014, mzazi mwenyewe anaweza kuiandikia halmashauri akiomba mwanawe afanyiwe tathmini ya mahitaji maalumu ya kielimu, bila kusubiri shule. Halmashauri hutakiwa kujibu ndani ya wiki 6, na mpango rasmi wa msaada wa mtoto ukikubaliwa ukamilike ndani ya wiki 20 tangu ombi lipokewe. Mimi nilipoteza mwaka mzima nikiona haya kumsumbua mwalimu. Rasimu ya mpango wa mwanangu ilisema tu “atasaidiwa inapowezekana”. Niliirudisha nikidai saa za msaada zitajwe, zikatajwa. Ombi likikataliwa, rufaa hukatwa ndani ya miezi 2 tangu tarehe ya barua, hivyo barua hiyo isitupwe.

Mzazi,
Leicester